Jinsi ya Kusoma Habari za Kukata na Kuchonga katika Biblia

Mwalimu wa Biblia anayetafuta maana ya shoka katika Maandiko mara nyingi huanzia kwa Yohana Mbatizaji, aliyetangaza kwamba shoka limekwisha kuwekwa penye mashina ya miti, na kutoka hapo kila habari ya kukata huigeuza kuwa habari ya hukumu. Njia hiyo ni fupi, lakini inaacha mengi nyuma. Katika Maandiko hayo hayo kisu hufunga agano, patasi huandaa jiwe la kuandikiwa amri, na mkulima hukata matawi ili mzabibu uzidi kuzaa. Shoka halina maana moja inayofuata kila mahali lilipotajwa, na anayelazimisha maana hiyo moja atajikuta akihubiri kinyume cha fungu analolisoma.

Mwongozo huu unapendekeza kila fungu la namna hii liulizwe maswali matatu: ni nani aliyeshika chombo, anakata kitu gani, na baada ya kukata kimebaki nini. Swali la tatu ndilo linalosahauliwa zaidi, nami naliona kuwa lenye uzito kuliko mengine mawili.

Kukusanya mafungu

Kabla ya kutafuta maana, kusanya mafungu yenyewe. Tumia itifaki ya Biblia, yaani kitabu kinachoorodhesha kila mahali neno lilipotumika, na usiishie kwenye neno "kata" peke yake; tafuta pia chonga, pasua, chanja, tahiri na katilia mbali, kisha utafute majina ya vyombo: shoka, nyundo, msumeno, kisu, kijembe na upanga. Orodha itakuwa ndefu. Ipange kwa kufuata kitu kinachokatwa, yaani jiwe, mti, mwili na maandishi, kwa kuwa waandishi wa Biblia waliishi katika nchi ambamo kila kimojawapo kilikuwa na mafundi wake, taabu yake na matumizi yake. Kando ya kila fungu andika mstari mmoja unaojibu maswali yale matatu. Pale ambapo huwezi kulijibu swali mojawapo, rudi ukasome sura nzima. Karibu kila mara jibu limo katika mistari iliyotangulia au inayofuata.

Jiwe na mkono unaolichonga

Anza na jiwe, kwa sababu hapo swali la kwanza hujibiwa kwa uwazi kuliko mahali pengine. Katika Kutoka 20:25 Waisraeli wanaruhusiwa kumjengea Mungu madhabahu ya mawe, lakini mawe hayo yasichongwe, kwa maana chombo kikiinuliwa juu yake kinayatia unajisi. Agizo hilo linarudi katika Kumbukumbu la Torati 27, na Yoshua analitimiza katika mlima Ebali. Sasa liweke kando ya Kutoka 34, ambapo Musa anaamriwa achonge mbao mbili za mawe mfano wa zile za kwanza. Mbao za kwanza, kwa mujibu wa Kutoka 32:16, zilikuwa kazi ya Mungu, na maandishi yake yalikuwa ya Mungu. Musa alizivunja chini ya mlima alipomwona ndama wa dhahabu ambaye Waisraeli walikuwa wakimwabudu. Mbao za pili zimechongwa na mkono wa mtu, ila maneno yaliyomo bado ni ya Mungu.

Msomaji mwenye haraka ataona kwamba amri hizi mbili zinapingana. Ukiuliza ni nani aliyeshika chombo na kwa kazi gani, mambo yanajipanga. Kwenye madhabahu mtu huja kupokea, na ustadi wa mkono wake hautakiwi kuonekana kana kwamba ndio unaompatia kibali. Kwenye mbao za pili, baada ya dhambi ya ndama, mtu anapewa sehemu ya kazi katika kurudishwa kwa kile alichokivunja. Huo ndio usomaji wangu, na wako waalimu wanaolisisitiza zaidi jambo la madhabahu kutofanana na zile za mataifa jirani. Lakini kwa vyovyote, mafungu haya mawili yasomwe pamoja.

Hekalu la Sulemani linaongeza jambo jingine. Kitabu cha 1 Wafalme 6:7 kinasema nyumba ilijengwa kwa mawe yaliyokwisha kuchongwa chimboni, hata sauti ya nyundo wala shoka wala chombo chochote cha chuma haikusikiwa wakati wa kujenga. Wahubiri wengi huupenda mstari huu, na huueleza kuwa mfano wa mwamini anayechongwa katika maisha haya ili awekwe tayari katika jengo la milele. Mfano huo unaweza kuungwa mkono na 1 Petro 2:5, panapotajwa mawe yaliyo hai. Hata hivyo, usiruke sura iliyotangulia. Katika 1 Wafalme 5 tunasoma kwamba Sulemani alitoza shokoa, yaani kazi ya kulazimishwa, ya watu 30,000 waliopelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi, na tena alikuwa na wachukuzi wa mizigo 70,000 na wachongaji 80,000 milimani. Utulivu uliokuwa mlimani pa Hekalu ulilipiwa kwa kelele nyingi mahali pengine. Mwanawe Rehoboamu alipotawala, malalamiko ya kwanza ya watu yalikuwa juu ya utumwa mzito wa baba yake, na Adoramu, msimamizi wa shokoa, akapigwa kwa mawe mpaka akafa (1 Wafalme 12:18). Mwalimu anayeufundisha ule ukimya bila kutaja shokoa amefundisha nusu ya habari.

Kutoka hapo nenda Danieli 2, ambapo jiwe linachongwa bila kazi ya mikono, linaipiga sanamu miguuni, kisha linakuwa mlima mkubwa unaoijaza dunia. Swali la kwanza ndilo funguo ya fungu hili lote: dhahabu, fedha, shaba na chuma vya ile sanamu ni madini yasiyopata umbo bila kalibu na mkono wa fundi, na kinachoyavunja ni jiwe ambalo hakuna fundi awezaye kudai kuwa amelichonga. Isaya 51:1 nayo inaugeuza mfano kuelekea kwa wasikilizaji wenyewe. Wanaambiwa wautazame mwamba ambao walichongwa kutoka kwake, na mstari wa pili unaeleza mwamba huo ni nani, yaani Ibrahimu na Sara, wazee wawili waliokuwa hawana mtoto. Ukiusoma mstari wa kwanza peke yake, utadhani mwamba huo ni nguvu. Ukiendelea hadi wa pili utaona kwamba nabii anawakumbusha udhaifu wa asili yao na ahadi iliyowatoa humo.

Kuijua kazi yenyewe

Hapa inafaa kusimama na kujifunza kidogo habari za machimbo, kwa sababu ishara nyingi hufifia pale msomaji asipojua kazi inayotajwa. Milima ya Yuda ni ya mawe ya chokaa. Mvua hunyesha majira ya baridi, na miezi ya kiangazi hupita karibu bila mvua kabisa, kwa hiyo kila mji na karibu kila nyumba ilihitaji birika lililochongwa ndani ya mwamba ili kuhifadhi maji. Mfalme Uzia anasifiwa kwa kuchimba mabirika mengi (2 Mambo ya Nyakati 26:10), na Kumbukumbu la Torati 6:11 inayahesabu mabirika ambayo Israeli hawakuyachimba miongoni mwa zawadi za nchi mpya. Lakini mwamba wa chokaa una nyufa. Birika lisipopakwa plasta vizuri, maji hupotea taratibu, na mwenye nyumba hugundua hasara yake katikati ya kiangazi.

Ukijua hayo, Yeremia 2:13 inakuwa na uchungu mpya. Watu wamemwacha Mungu, chemchemi ya maji ya uzima, wakajichongea mabirika yavujayo yasiyoweza kuweka maji. Nabii hawashutumu kwa uvivu. Anawashutumu kwa jasho lililomwagwa mahali pasipofaa, kwa kuwa chemchemi haikuhitaji nyundo wala patasi.

Kwa upande wa pili, Hezekia anatajwa katika 2 Wafalme 20:20 na 2 Mambo ya Nyakati 32:30 kuwa ndiye aliyeyaleta maji mjini kutoka chemchemi ya Gihoni. Mfereji unaohusishwa naye upo hadi leo chini ya Yerusalemu, wenye urefu wa mita 533 hivi. Mwaka 1880 yaligunduliwa ndani yake maandishi ya Kiebrania cha kale yanayoeleza jinsi makundi mawili ya wachongaji yalivyoanzia pande mbili, na jinsi yalivyosikia sauti za kuitana zilipokuwa zimebaki dhiraa tatu tu kabla ya kukutana, shoka kuelekea shoka. Maandishi hayo hayamtaji mfalme hata mara moja. Biblia inampa Hezekia sifa ya kazi. Mwamba wenyewe unawakumbuka waliokata. Wafundishe wanafunzi wako habari hii pamoja na Yeremia 2, ili waone tofauti kati ya kuchonga kwa ajili ya kuyapokea maji ya chemchemi na kuchonga kwa ajili ya kuishi bila chemchemi.

Ikiwa karibu nawe kuna machimbo ya mawe au karakana ya seremala, mtembelee fundi kabla ya somo na umuulize ni lini anajua kwamba jiwe litapasuka vibaya, au kwa nini anakata gogo upande huu na si ule. Majibu yake yatakusaidia kuliko vitabu vingi.

Mti na masalio yake

Kwa upande wa miti, liweke mbele swali la tatu. Isaya 44:14-17 inamchora mtu aliyekata mti mwituni. Sehemu ya mti huo anaiwasha moto apate joto, anaokea mkate na kuchoma nyama. Kisha kile kinachosalia anakichonga kiwe mungu, anakisujudia na kukiambia kimwokoe. Kejeli yote ya nabii imo katika neno hilo la masalio. Sanamu haikutoka katika sehemu bora ya mti iliyotengwa mapema. Ni mabaki ya kuni. Amri ya Kutoka 20:4 inayokataza sanamu ya kuchonga inapata hapa maelezo yake makali kuliko yote, na maelezo hayo yametolewa kwa kumfuata fundi hatua kwa hatua hadi mwisho wa kazi yake.

Sasa angalia kwamba kitabu hicho hicho kina masalio ya namna nyingine kabisa. Katika Isaya 6:13 taifa linafananishwa na mwaloni uliokatwa ambao shina lake limebaki, na shina hilo ndilo mbegu takatifu. Katika 10:15 shoka linaulizwa kama linaweza kujisifu juu yake yeye alitumiaye, na shoka hilo ni Ashuru. Mwisho wa sura ya 10 Bwana mwenyewe anakata matawi kwa kitisho, na Lebanoni, msitu unaosimama badala ya Ashuru, inaanguka. Wasomaji wengi hufunga kitabu hapo kwa sababu sura imekwisha, lakini mgawanyo wa sura uliwekwa karne nyingi baada ya Isaya. Endelea kusoma bila kusimama, nawe utakutana na chipukizi linalotoka katika shina la Yese, baba yake Daudi. Msitu mrefu wa Ashuru umelala chini. Kisiki kidogo cha nyumba ya Daudi kimechipuka. Mtu aliyechonga mabaki ya mti akapata mungu asiyeweza kitu, na Mungu aliyeacha kisiki akakitolea mfalme, wawekwe ubavuni pa mwenzake, kwa kuwa kitabu cha Isaya chenyewe kimewaweka hivyo.

Ufunguo huo wa kisiki hufungua mafungu mengine kwa haraka. Ndoto ya Nebukadneza katika Danieli 4 inaamuru mti ukatwe, lakini kisiki kiachwe ardhini kwa pingu ya chuma na shaba, na baada ya nyakati saba mfalme anarudishiwa akili na ufalme. Ayubu 14:7 inasema mti una tumaini hata ukikatwa, na Ayubu anasema hivyo kwa masikitiko, akilinganisha na mwanadamu ambaye haoni akichipuka tena baada ya kufa. Usimgeuze Ayubu awe mwenye furaha katika mstari huo. Katika Yohana 15:2 tawi lisilozaa huondolewa na lile lizaalo husafishwa, maana yake matawi yote mawili yanaguswa na kisu cha mkulima, na tofauti yao inaonekana baadaye.

Rudi sasa kwa Yohana Mbatizaji. Shoka lake liko penye shina, wala halijainuliwa bado. Lisome pamoja na Luka 13:6-9, ambapo mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta tini na hakupata, akaamuru mti ukatwe, na mtunzaji akaomba mwaka mmoja zaidi ili aupalilie na kuutia samadi. Mfano unaisha bila kutuambia kama mti ulizaa. Mwalimu asiumalizie.

Fungu moja zaidi la miti lisipitwe, nalo ni Kumbukumbu la Torati 20:19-20. Jeshi linalouzingira mji kwa siku nyingi linakatazwa kuikata miti ya matunda kwa shoka. Ile isiyo ya chakula inaweza kukatwa kwa ajili ya kujenga boma. Torati inaweka mpaka wa shoka hata katika vita, wakati ambao watu huona kila kitu kimeruhusiwa.

Agano na mwili

Kiebrania husema kwamba agano "hukatwa", na Mwanzo 15 inaonyesha sababu. Abramu anawatwaa ndama, mbuzi na kondoo, kila mmoja wa miaka mitatu, pamoja na hua na mwana wa njiwa. Wanyama anawapasua vipande viwili na kuvipanga vikielekeana, lakini ndege hawapasui. Maana ya tendo hilo inaelezwa waziwazi katika Yeremia 34. Wakuu wa Yuda, wakati wa mfalme Sedekia, walipita kati ya vipande vya ndama na kuapa kuwaachilia watumwa wao Waebrania, kisha wakawarudisha utumwani. Mungu anatangaza kwamba watatolewa mikononi mwa adui, na mizoga yao itakuwa chakula cha ndege na wanyama. Apitaye kati ya vipande anajiapiza: nikivunja agano, nitendewe kama mnyama huyu.

Ukiwa na hilo akilini, rudi Mwanzo 15:17 uulize ni nani aliyepita. Abramu amelala usingizi mzito. Kinachopita ni tanuru ya moshi na mwenge wa moto, ishara za kuwapo kwa Mungu. Mungu peke yake anachukua kiapo, naye mtu anakipokea akiwa usingizini. Wakristo husoma Isaya 53:8, isemayo kwamba mtumishi amekatiliwa mbali na nchi ya walio hai, katika mwanga huo: aliyepita kati ya vipande ndiye anayeibeba adhabu ya kuvunjwa kwa agano.

Tohara ya Mwanzo 17 inaendeleza jambo hilo katika mwili, na Yoshua anairudia kule Gilgali kwa visu vya gumegume (Yoshua 5). Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, hasa wanaotoka katika jamii zenye jando, fungu hili si geni, na hapo ndipo pana hatari ya kusoma desturi zetu ndani yake. Jando humvusha kijana kuwa mtu mzima. Tohara ya Mwanzo 17 hufanywa siku ya nane, kwa mtoto asiyejua lolote, na hivyo ukomavu hauna nafasi ndani yake. Baadaye Kumbukumbu la Torati 10:16 na Yeremia 4:4 zinadai moyo utahiriwe, na Kumbukumbu 30:6 inasema Mungu mwenyewe ndiye atakayefanya hivyo. Linganisha mistari hiyo kwa swali la kwanza, kwa kuwa mshika kisu amebadilika.

Kuhusu maandishi, fungu ni moja lakini limejaa. Katika Yeremia 36 mfalme Yehoyakimu ameketi mbele ya moto, na kila zinaposomwa kurasa tatu au nne za gombo anazikata kwa kijembe na kuzitupa motoni mpaka gombo lote linateketea. Kilichobaki ni nabii na mwandishi wake Baruku, na mstari wa mwisho wa sura unasema gombo liliandikwa upya na kuongezewa maneno mengi.

Mahali pa kujizuia

Si kila shoka ni ishara. Katika 2 Wafalme 6 shoka lililoazimwa linaanguka mtoni, na Elisha anakata kijiti akakitupa majini hata chuma kikaelea. Wako wanaokifanya kijiti hicho kuwa msalaba. Fungu lenyewe linahusu deni la mtu maskini ambalo asingeweza kulilipa, na hilo latosha. Vivyo hivyo, chuma kinachochomoka katika mpini na kumwua mtu katika Kumbukumbu la Torati 19:5 ni kielelezo cha ajali, kilichotolewa ili kueleza nani anastahili mji wa makimbilio, ambamo aliyeua bila kukusudia alilindwa.

Ukiandaa somo la saa moja, usijaribu kubeba orodha yote. Chagua jozi moja: Kutoka 20 na 34, Yeremia 2 na mfereji wa Hezekia, Isaya 44 na Isaya 10 hadi 11, au Mwanzo 15 na Yeremia 34. Soma mafungu yote mawili kwa sauti kabla ya kueleza lolote, kisha waache wanafunzi wajibu maswali matatu wenyewe, ukianzia na lile la nani ameshika chombo kwa kuwa ni rahisi. Matumizi ya fungu yaje mwishoni, nayo yatokane na jibu la swali la tatu.

Mafungu ya kukatwa kwa watu, kama Agagi katika 1 Samweli 15 na suria wa Mlawi katika Waamuzi 19, yatengewe kipindi chake pamoja na watu wazima. Waamuzi 19 isisomwe bila sura za 20 na 21, na kabla ya kuanza, somea mstari wa mwisho wa kitabu: siku zile hapakuwa na mfalme katika Israeli, na kila mtu alifanya alivyoona kuwa vema machoni pake mwenyewe.